Leo Mlima Umetoka?

Mwaka wa 2024 nilipanda milima sita na nikapita kwa cucu, Gakindu, mara sita. Hesabu ya milima niliijua tangu mwanzo kwa sababu ilikuwa Instagram, kila mlima na tarehe yake na urefu wake kwa mita. Hesabu ya cucu niliipata Desemba, baada ya yeye mwenyewe kunitajia hiyo sita bila kuangalia popote. Nilibisha. Nikaingia kwenye meseji za M-Pesa, nikatafuta nauli na pesa za bodaboda mwezi kwa mwezi, na kumbe alikuwa sawa.

Tulikuwa wanne. Sista, ambaye ni nesi kweli, si jina la utani tu. Injinia, aliyepanga kila kitu kwa jedwali la Excel hadi idadi ya ndizi kwa kila mtu. Mrefu, ambaye hakupanga chochote na hakuchelewa hata siku moja. Na mimi. Tulikutana kazini na kwa marafiki wa marafiki, ile Nairobi ya kawaida, na usiku wa kuamkia mwaka mpya, kwenye balcony ya Mrefu huko Roysambu, tukaahidiana kwamba mwaka huo hatungeumalizia mbele ya laptop. Tukafungua grupu ya WhatsApp na chama kidogo: 5,000 kila mwezi kwa kila mtu, ili Desemba twende Kilimanjaro.

Mlima wa kwanza ulikuwa Karima, kule Othaya. Nani huita Karima mlima? Ni kilima kilichovaa msitu kama kofia, ambacho wazee wamekiheshimu kama mahali pa sala tangu zamani, na sisi tulikipanda Januari tukiwa na viatu vipya na chupa za maji za bei. Saa nane mchana tulikuwa tumemaliza. Nikawaambia wenzangu, kwa cucu si mbali, twende tunywe chai.

Gakindu iko upande wa Mukurweini, kusini mwa Nyeri, kule ambako nchi imekunjwakunjwa migongo na mabonde, na kila bonde lina mto wake. Migongoni ni kahawa, makadamia, avokado, nyasi za ng'ombe. Chini kabisa mtoni ni nduma. Nyumba ya cucu iko juu, mlango ukitazama kaskazini mashariki. Asubuhi zisizo na mawingu, ukifungua huo mlango unakutana na Kirinyaga uso kwa uso. Babu aliijenga hivyo makusudi, na hadi anakufa alikuwa akijisifia mlango kuliko nyumba.

Mimi nina jina la cucu. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, kwa hiyo ananisalimia kama mtu anayejisalimia: "Wakia maitu." Halafu anacheka. Siku hiyo alitukalisha, akatuletea chai ya maziwa na nduma, akauliza tulikotoka. Tukamwambia.

"Karima? Kulikuwa na nini huko?"

"Hakuna kitu, cucu. Tulikuwa tunapanda tu."

"Na mmelipwa ngapi?"

Injinia alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Tulipomwambia kwamba sisi ndio tuliolipa nauli ili tuchoke, alinyamaza kidogo, akatikisa kichwa, akamwongezea Mrefu nduma kama mtu anayempa mgonjwa. Kisha akageukia mlango uliokuwa wazi.

"Leo mlima umetoka?"

"La cucu, kuna mawingu."

Tulikaa dakika arobaini na tano. Najua kwa sababu Injinia alikuwa ameziandika kwenye jedwali: chai, choo, kuchaji simu.

Sitasimulia milima yote. Longonot ni vumbi na watu wa selfie. Kilimambogo tuliipanda mwanzoni mwa Juni na sikumbuki chochote isipokuwa jua. Halafu Juni ikawa ile Juni ya 2024, watu wakaingia barabarani, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuongea kuhusu buti. Aprili na Mei mvua ilikuwa imekwisha kuinyeshea nchi hadi mafuriko, hatukwenda popote. Lakini Elephant Hill lazima niiseme, kwa sababu ndiko nilikopata rafiki.

Ilikuwa Machi. Elephant Hill ni sehemu ya Aberdare, unaingilia Njabini, unapita kwenye mianzi na matope yanayokuvua kiatu, halafu unafika mahali ambapo wapandaji wenyewe wamepaita Point of Despair. Jina halidanganyi. Mvua ilitukuta hapo. Nilikuwa na jaketi la kupendeza lisilozuia maji, na baada ya nusu saa nilianza kutetemeka, kisha nikaacha kutetemeka, nikaanza kuona usingizi. Nilijisikia vizuri kabisa. Nilitaka tu kukaa chini ya kichaka. Sista alinitazama mara moja, akaacha utani aliokuwa akiutoa, akanivua jaketi na sweta pale pale mvuani mbele ya wanaume, akanivalisha nguo zake kavu alizokuwa amezifunga kwenye mfuko wa plastiki, akanilazimisha kula sukari guru na kutembea. Kila nikisimama ananifinya. "Tembea, mama. Utanichukia kesho." Tulishuka bila kufika kileleni. Injinia alisema kwenye gari kwamba hiyo haihesabiki kama mlima. Mimi nimeihesabu.

Pasaka nilikwenda Gakindu na familia, na nikamsimulia cucu yote hayo. Sikutarajia lile lililofuata. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, kwa vidole, polepole, na bila kuinua kichwa akaanza kusimulia Aberdare yake. Sisi huiita Nyandarua.

Cucu si mzaliwa wa Gakindu, alikuja kuolewa. Alizaliwa upande wa Tetu, karibu na msitu, ambako kwenda msituni ilikuwa kwenda kuni. Halafu ikaja hali ya hatari, Oktoba 1952, na msitu ukapigwa marufuku: ukionekana huko unapigwa risasi, huulizwi kuni. Watu waliondolewa kwenye boma zao wakakusanywa kwenye vijiji vyenye uzio. Wanawake na wasichana wakatolewa kila asubuhi kuchimba handaki kandokando ya msitu, refu, lenye miti iliyochongwa ncha chini, ili wapiganaji wasishuke kuchukua chakula na wa vijijini wasipande kuwapelekea. Alikuwa msichana mdogo. Alibeba udongo kwa karai. Upande wa pili wa handaki alikuwa na kaka yake, na hakurudi.

"Sasa wewe," akasema, "unaenda huko unalipa."

Haikuwa lawama. Nadhani ilimchekesha. Nilikuwa na hamu ya kuuliza zaidi kuhusu huyo kaka, jina lake ambalo sijawahi kulisikia kwa baba, lakini binamu zangu wakaingia na kelele na maharagwe yakaisha.

Julai tulipanda Satima, mlima mrefu kuliko yote ya Aberdare, mita 4,001, na tukiwa njiani kurudi tukapita Gakindu tena. Dakika arobaini na tano. Chai, choo, chaji. "Leo mlima umetoka?" akaniuliza. Ulikuwa umetoka, peupe kabisa, nikamwambia "Umetoka, cucu, si huo," nikaendelea kukunja waya wa chaja.

Agosti ndiyo ilikuwa yenyewe. Tulipandia Sirimon, tukalala Old Moses, kesho yake tukalala Shipton's, kwenye mita 4,200, ambako kichwa kilikuwa kikiniuma kama kinapigwa nyundo kwa ndani. Saa tisa usiku tukatoka na tochi za kichwani. Sijui niseme nini kuhusu ile saa ya kumi na moja kabla ya jua. Hakuna aliyeongea. Hatua moja, pumzi mbili. Mrefu, ambaye hajawahi kulalamika, alitapika kando ya njia, akafuta mdomo, akaendelea. Jua lilitukuta Lenana, mita 4,985, na Injinia akalia. Mtu wa jedwali! Alilia akinishika bega, akasema anamtaka mama yake aone. Nakumbuka hilo kila ninapomkasirikia.

Tulishukia upande wa Naro Moru, na huko ndiko mwongozi wetu alikotusimamisha kutuonyesha barafu ya Lewis. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kinachong'aa. Niliona kipande cha barafu cha rangi ya majivu, kimelala kwenye kokoto kama godoro lililotupwa, na chini yake maji yakidondoka. Mwongozi ni mtu wa Naro Moru, ana miaka hamsini na kitu. Alituonyesha kwa fimbo, juu kwenye mwamba: alipoanza kazi barafu ilifika pale. Kisha akashusha fimbo, akashusha, akashusha. Nilisoma baadaye kwamba barafu hiyo ilipimwa 1934 na ikapimwa tena 2010, na katika miaka hiyo ilikuwa imepoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake, Gregory, imekwisha kabisa. Nikapiga picha. Nikapiga na nyingine nikiwa mbele yake nimenyoosha vidole viwili. Hiyo nimeifuta.

Jioni hiyo tulifika Gakindu tukinuka moshi na jasho, na kwa mara ya kwanza hatukuwa na haraka. Gari lilikuwa limetuangusha, na tungelala. Cucu alifurahi hadi akamchinjisha Mrefu kuku. Baada ya chakula nikakaa kando yake kwenye kochi, nikatoa simu nimwonyeshe picha. Hapa Lenana, cucu, hapa jua linatoka, hapa Injinia analia. Alikuwa amenishika mkono. "Ni kuzuri," alisema. "Ni kuzuri sana." Mtu akaniita jikoni. Nikamwachia simu, nikarudi baada ya dakika mbili hivi, naye bado alikuwa ameishika mbele ya uso wake, akitabasamu, akimwambia Sista aliyekuwa ameketi upande wa pili, "Ona, ni kuzuri."

Skrini ilikuwa imezima zamani.

Sista aliniangalia. Hakusema kitu. Akainuka, akamwomba cucu kwa upole waende naye nje akamwonyeshe ndama, na huko nje, nilimwona kupitia mlangoni, akamwinua kidevu kuelekea taa ya veranda na kumtazama machoni. Walikaa muda. Aliporudi akaniambia, chini chini: "Mtoto wa jicho. Yote mawili. La kulia nadhani limebaki kuona mwanga tu. Hii si ya mwezi mmoja, ni ya miaka. Kwani hamjawahi kuona?"

Hatukuwa tumeona. Usiku ule nililala chali nikirudisha kanda nyuma. Jinsi alivyokuwa akingoja tuseme neno ndipo atutaje. Jinsi alivyomimina chai akiwa ameweka ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, nami nikadhani ni uzee tu. Maharagwe kwa vidole. Mlango ulio wazi, na lile swali.

Asubuhi nilimuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa ameshaamka, amekaa kwenye kistuli chake akingoja gari la maziwa lipige honi.

"Nikisema sioni, baba yako na ndugu zake watakuja na gari. Watanipeleka Nairobi mkanifungie kwenye ghorofa. Hapa najua kila jiwe."

Sikuwa na jibu, kwa sababu hilo ndilo wangefanya. Lilikuwa limeshazungumzwa kwenye grupu ya familia mara mbili, na kile kishamba cha kahawa kikatajwa mara moja, na mimi nilikuwa nimeweka emoji ya dole gumba.

Sista ndiye aliyepanga kila kitu. Alimweleza cucu kwa Kiswahili cha polepole, cha mtu wa Kakamega kwa mtu wa Nyeri, kila mmoja na lafudhi yake: kwamba ndani ya jicho kuna kioo kidogo, kimechafuka, watakitoa na kuweka kingine; kwamba hatalazwa usingizi, watatia ganzi jicho tu; kwamba ni kazi ya nusu saa au chini. Cucu alisikiliza, akauliza swali moja: je, atarudi Gakindu siku ile ile? Kesho yake, akasema Sista. Wakapeana mkono kama watu wanaouziana ng'ombe.

Pesa ndiyo ilikuwa kazi. Ilikuwa Oktoba, bima ya zamani imeondoka na mpya imeingia, na kila dirisha tulilokwenda lilitupeleka kwa lingine. Familia ikachanga, kama familia zinavyochanga: wa kwanza haraka, wa mwisho na hadithi. Tulipungukiwa. Nami nilikuwa na 40,000 kwenye chama cha Kilimanjaro.

Nilipoandika kwenye grupu kwamba natoa sehemu yangu, Injinia hakujibu siku mbili. Halafu akapiga simu. Hakuwa mkali. Alisema amekwisha kuongea na kampuni ya waongozaji kule Moshi, amekwisha kuomba likizo, kwamba bei ilikuwa ya watu wanne na nikitoka mimi imekufa. Alisema, "Tulikubaliana." Kisha akasema jambo ambalo nadhani alilijutia hata kabla halijamtoka lote, kwamba mama yake alikufa akingojea pesa za familia na yeye hakusumbua rafiki yeyote. Nikamwambia simsumbui, natoa pesa zangu. Tulikuwa sawa wote wawili, na huo ndio ubaya wenyewe. Alichukua sehemu yake, akatoka kwenye grupu. Nasikia Desemba alienda Kilimanjaro na watu wengine, akafika Uhuru. Nililike picha. Hajaongea nami hadi leo, na nikipita njia ya Njabini namkumbuka na jedwali lake la ndizi, na ninamkosa kuliko ninavyopenda kukubali.

Cucu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia katikati ya Oktoba, siku zile nchi nzima ilikuwa imekaza masikio kwenye redio kwa sababu Seneti ilikuwa ikimjadili naibu wa rais, mtu wa Mathira, jirani yetu hapo. Wazee wote waliokuwa wamekaa kwenye foleni na bandeji walikuwa wakibishana siasa kwa jicho moja moja. Kesho yake nesi akamfungua bandeji. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Alipepesa, akapepesa, machozi yakamtoka ya dawa, akaninyooshea mkono usoni.

"Umekonda," akasema. "Na hizi nywele ni za nani?"

Sista aliondoka Novemba, kwenda Uingereza, kazi ya hospitali. Mrefu nami tulimsindikiza JKIA. Cucu alimtumia kilo mbili za makadamia ambazo zilimletea taabu kwenye mizani ya mizigo, na Sista akakataa kuziacha. Akavua sweta kutoka kwenye sanduku akalivaa juu ya lingine, palepale, kwenye joto lile. Nilimwambia hiyo ndiyo desturi yake, kuvaa na kuvua nguo mbele za watu. Ananipigia Jumapili, usiku wake na usiku wangu vikikaribiana. Ameniambia kule alipo hakuna kilima hata kimoja, barabara imenyooka hadi inatia kizunguzungu.

Desemba sikupanda kitu. Nilichukua likizo yangu yote, nikaenda Gakindu nikakaa wiki mbili, kazi yangu kubwa ikiwa kumtilia cucu matone ya jicho la pili na kumfukuza jikoni kwenye moshi. Ndipo tulipobishana kuhusu ile hesabu ya mara sita. "Saba sasa," nikamwambia. "Sita," akasema. "Ile ya Oktoba ulikuja kunichukua, hukuja kunitembelea. Lakini nimekuhesabia hii." Kwa hiyo bado ni sita.

Kuna asubuhi moja kabla ya Krismasi aliniamsha alfajiri kwa kunigonga mguu na fimbo. Nilitoka nimejifunga blanketi. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa amekaa kwenye kistuli nje, uso ameuelekeza kaskazini mashariki. Hakukuwa na wingu hata moja. Kirinyaga kilikuwa kimesimama chote, cheusi, chenye ncha, jua likianza kumwagika.

Nikasubiri aulize. Hakuuliza, alikuwa akiuona.

Wazee wengine husema jina lile limetokana na mbuni, yule ndege mweusi mwenye manyoya meupe. Cucu alinitajia hilo nikiwa mtoto, mlangoni pale pale.

"Ni kile?" akasema hatimaye.

"Ni kile, cucu."

"Nyeupe yake iko wapi?"

Nikamwonyesha: pale, na pale, michirizi miwili mitatu kati ya vilele, ya kutafuta.

"Ilikuwa huku yote," akasema, akachora hewani kwa kiganja, upana wa kanga. "Hata wakati wa babu yako. Imeenda wapi?"

"Imeyeyuka. Kidogo kidogo."

"Wewe ulikuwa huko juu. Uliiona?"

"Niliiona. Niliipiga picha. Nilikuonyesha, Agosti."

"Agosti sikuona kitu. Nionyeshe."

Nikaingia ndani kuleta simu. Nikatafuta ile picha, nikaongeza mwanga wa skrini, nikamwekea mkononi. Aliitazama kwa muda mrefu. Kila ilipotaka kuzima niliigusa kwa kidole. Aliisogeza karibu na jicho lake jipya, akaisogeza mbali, akatazama mlima, akarudi kwenye picha.

"Hii ni chafu," akasema.

"Ndiyo, cucu."

Kule barabarani gari la maziwa likapiga honi. Akanirudishia simu, akaniambia nikimbie na mtungi kabla halijaondoka, na nivae gambuti, kuna umande.